Meza ya Nane

Wameniweka meza ya nane, ubavuni mwa muuza soseji.
Moshi wake umeingia hadi ndani ya uzi wangu mweupe,
nami sinung'uniki: foleni ya wenye njaa ndiyo darasa langu.
Asiye na la kufanya hutazama mikono ya mwenziwe.

Kadi kifuani inasema Zdenka,
lakini wananiita Mama Lesi, kana kwamba nimeizaa mimi.
Niliikuta. Niliikuta jikoni, kama wengi hapa Idrija,
kati ya kapu la viazi na buti za baba za mgodini.

Mto mviringo, umeshindiliwa unga wa mbao.
Juu yake karatasi iliyotobolewa, pini wima,
na jozi saba za vijiti
vilivyong'arishwa na viganja vilivyokwisha kuzikwa.

Siri yake? Hakuna.
Vya ndani viwili: cha kushoto kipite juu. Umevusha.
Kila jozi: cha kulia kimpande mwenzake. Umesokota.
"Basi?"
Basi. Kilichobaki ni miaka arobaini.

Kufika adhuhuri nimeulizwa mara thelathini na moja:
inachukua muda gani?
Nimejibu saa sita, nimejibu majira mawili ya baridi,
nimejibu: inategemea nani amefariki wiki hiyo.
Jamaa mmoja, bia mkononi, akainua kitambaa kwenye mwanga:
"Euro thelathini, kwa matundu?"
Uzi nakupa bure, bwana. Matundu ndiyo ghali.
Akacheka. Hakununua. Povu lake likabaki mezani.

Kisha akaketi Tinkara, miaka tisa,
ulimi nje, goti moja juu ya kiti.
Vusha, sokota, pini. Vusha, sokota —
akasahau pini, na safu nzima ikalegea kama soksi.
Mama yake akanyosha mkono kumsaidia;
nikaushika mkono ule, nikaurudisha kwenye mkoba wake.
Fumua, nikamwambia mtoto. Rudi ulikotoka, polepole.
Kufumua ndiyo kazi niliyofundishwa kwanza.
Akafumua huku akinichukia. Vizuri.

Nyuma yake alikuwa amesimama mzee Lovrenc
na soseji iliyopoa.
Karibu, nikasema. Akaonyesha mikono:
inatetemeka tangu enzi za zebaki,
hata kijiko humfikia mdomoni nusu tupu.
"Mimi nimechelewa. Hii siyo mikono tena."

Sikumbembeleza, sina tabia hiyo.
Nikampa jozi mbili ashike tu, pembeni,
zisimkwaze mtoto.
Vijiti vikaanza kugongana viganjani mwake,
tiki, tiki-tiki, tiki,
haraka kuliko mfumaji yeyote niliyewahi kumsikia.
Soseji ikaenda chini. Mbwa wa mtu akaimaliza.

"Hivi," akasema. "Hivi ndivyo ilivyokuwa ukutani,
nikiwa kitandani, mama upande wa pili,
mpaka king'ora cha zamu ya usiku.
Nilikuwa namzungushia uzi kwenye vijiti kabla ya kulala.
Nilikuwa na miaka sita.
Alinilipa kwa sukari ya bonge."

Tinkara hakugeuka. "Usivute," akamwambia.
Akaacha kuvuta.
Wakafanya hivyo, yeye akivusha, mzee akishika,
uzi ukitetemeka kati yao lakini haukukatika,
mpaka kikatokea kipande cha upana wa kidole,
chenye tundu moja kubwa mahali pasipo pake.
Mwalimu angelirekebisha. Mimi nilikuwa natafuta miwani yangu.

Saa kumi. Mwenye soseji anazima jiko.
Mwanamke mwenye kofia ya majani anainama mezani:
"Samahani, hii inachukua muda gani?"

Namwonyesha kwa kidevu.
Yule pale alianza akiwa na miaka sita.
Subiri kidogo. Bado anashika.